"Wanaumwa?" Kumsomea mtoto kitabu ni nini, na si nini

Mdogo wangu na mumewe wanaishi Ilazo, hapa Dodoma mjini, na watoto wao watatu wanawafundishia nyumbani. Jioni moja jirani alikuja kuazima kinu, akawakuta wote wamekaa mkekani, baba kashika kitabu. "Karibu, mama," mdogo wangu akamwambia, "tunawasomea watoto hapa." Jirani akasita mlangoni, akashusha sauti: "Poleni jamani. Wanaumwa?"

Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi na watu hucheka, ila jirani hakukosea. Kwa Kiswahili tunachokizungumza, mtu husomewa akiwa na jambo. Mgonjwa husomewa dua. Mshitakiwa husomewa mashitaka. Mgeni rasmi husomewa risala hadi asinzie. Marehemu husomewa wasifu wake, na mara nyingi hapo ndipo tunapojua kwamba alikuwa mtu mwema. Sasa mtoto mzima wa afya, aliyeshinda kutwa akikimbiza tairi, anasomewa kwa kosa gani?

Siku hizi swali hilo linazunguka kila mahali. Liko kwenye vikao vya wazazi, liko kwenye makundi ya simu, liko saluni. Mmoja anasema ni mambo ya Wazungu. Mwingine anasema mtoto asiyesomewa kitabu kila usiku hatafika popote. Wa tatu aliambiwa na mwalimu "msomee mtoto nyumbani", akaelewa kwamba amfanyie kazi za daftari, akazifanya kwa bidii muhula mzima, na mtoto akashika nafasi nzuri ya kazi za nyumbani na ya mwisho katika mtihani. Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya niandike.

Kitenzi kilichobebeshwa mizigo

"Kusoma" tumelitwika neno hili kila kitu. "Mwanangu anasoma Kongwa" maana yake yuko shule huko, hata kama hajafungua kitabu wiki nzima. "Niache, nasoma" maana yake kesho kuna mtihani. "Nasoma gazeti" maana yake macho yanapita kwenye maandishi na akili inapokea habari. Anayelipa ada anasomesha. Mwenye shahada ni msomi, hata kama kitabu cha mwisho alikishika wiki ya kabla ya mahafali.

Kwa hiyo ukimwambia mtu "tusome na watoto", yeye anasikia shule: daftari, alama ya vema, fimbo pembeni. Tuyatenganishe mambo yenyewe.

Kufundisha kusoma ni kumwonesha mtoto kwamba alama hii ni sauti hii. A e i o u, halafu ba be bi bo bu, halafu baba, bibi, babu. Hiyo ndiyo K ya kwanza katika zile KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambazo tangu 2015 ndizo zilizoshika sehemu kubwa ya darasa la kwanza na la pili.

Kusoma kwa sauti, kama wengi tulivyokujua shuleni, ni mtoto kusimama asome aya huku wenzake wakisubiri akosee. Msomaji ni mtoto, na anayepimwa ni yeye.

Kumsomea mtoto ni kitu kingine. Mkubwa ndiye anayesoma. Mtoto anasikiliza, anatazama picha, anauliza, anadakia. Hapimwi mtu. Na kusoma pamoja ni hilohilo likifanywa na nyumba nzima kwa kitabu kimoja, vicheko na ubishi vikiingia katikati.

Mtu anaweza kufanya la kwanza vizuri sana na la tatu asilifanye kabisa. Wengi ndivyo tulivyolelewa. Shida yake haionekani mpaka mtoto afike darasa la tatu au la nne.

Koki na tanki

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika jambo ambalo linaelezeka kwa hesabu ya shule ya msingi. Walisema kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyafumbua maandishi yawe maneno, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe ukiisikia. Ni mara, si kujumlisha. Ukijumlisha kumi na sifuri bado una kumi. Ukizidisha kumi kwa sifuri huna kitu.

Aliyeishi Dodoma kwa mgao wa maji ataelewa haraka. Siku ya zamu maji yanakuja, mwenye tanki analijaza, siku zinazofuata anafungua koki ya jikoni na maisha yanaendelea. Sasa chukua mtu aliyenunua koki nzuri inayong'aa, fundi akaifunga vizuri, lakini tanki halikujazwa. Anaifungua, inakohoa mara mbili, inatoa upepo. Atabadilisha koki ngapi kabla hajapanda ngazi kuchungulia tanki?

Kufumbua maandishi ndiyo koki. Lugha ndiyo maji ya tankini. Shule inafunga koki, na ni kazi kubwa inayostahili heshima. Kumsomea mtoto ni kujaza tanki.

Kiswahili kinalifanya jambo hili kuwa gumu kulitambua. Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto wa Kiingereza anahangaika miaka na tahajia isiyofuata sauti, lakini wetu akishazishika silabi anaweza kukusomea chochote, hata asichokielewa hata kidogo. Ni neema na ni mtego pia. Mpe mtoto wa darasa la pili aliyefundishwa vizuri sentensi hii: "Halmashauri imeidhinisha makadirio ya matumizi." Ataisoma bila kukwama, na shangazi zake watapiga makofi. Halafu muulize kuidhinisha ni kufanya nini. Hapo utaisikia koki ikikohoa.

Huku kwetu kuna na sababu ya ziada. Watoto wengi wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa wanaanza shule wakiwa na Kigogo kizuri, na wa Kondoa wana Kirangi chao, lakini Kiswahili walichonacho ni kile cha dukani na cha redio ya jirani. Hawa hawana upungufu wa akili wala wa lugha. Wana tanki mbili, na moja bado halijajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani atalijaza kwa kijiko. Nyumbani, kwa kitabu, linajazwa kwa ndoo.

"Mbona tunaongea nao kutwa?"

Hoja hii naipenda kwa sababu ni ya kweli kwa nusu. Tunaongea nao, ndiyo. Lakini jirekodi siku moja kwa simu, kuanzia asubuhi mpaka usiku, halafu usikilize ulichomwambia mtoto. Mimi nilifanya hivyo kwa wapwa zangu wiki moja niliyoachiwa niwalee. Njoo. Leta. Acha. Umenawa? Shuka hapo. Nani kamwaga? Lala. Vaa ndala. Wiki nzima, na sikumbuki kama nilitumia hata neno "ijapokuwa".

Kitabu hakiongei hivyo. Nitatunga sentensi moja ya kitabuni: "Lau fisi asingeinua mkia, wale mbuzi wasingejua kwamba aliyejificha nyuma ya mbuyu alikuwa yeye." Ni sentensi ya kawaida kabisa ya hadithi ya watoto. Lakini tazama kilichomo. Kuna "lau", ambalo hulisikii sokoni Majengo. Kuna "asingeinua" na "wasingejua", yaani jambo ambalo halikutokea likielezwa kana kwamba lingeweza kutokea, tena kwa kukanusha. Kuna "aliyejificha", mtu na kitendo vimefungwa pamoja katika neno moja. Mtoto anayeisikia sentensi hiyo mara ya kwanza anaelewa picha tu: fisi, mbuyu, mkia. Akiisikia mara ya tano, sarufi yote imeshaingia bila somo.

Na hapo kuna siri ya maneno yetu marefu. Msomaji mchanga anayesoma "wasingejua" anapanda ngazi: wa, si, nge, ju, a. Akifika juu amesahau chini. Lakini kama sikio lake limeshalizoea neno hilo, akifika "wasinge" tu sikio linamkimbilia, linamalizia. Anayesema mtoto wake "anasoma polepole" aanze kwa kuuliza kama maneno hayo mtoto ameshawahi kuyasikia mahali.

Jambo hili limepimwa, japo kwa Kiingereza. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens wa Marekani walilinganisha maneno adimu katika vitabu vya watoto na yale ya mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliofika chuo kikuu. Vitabu vya watoto viliwashinda wasomi. Mazungumzo yana mambo mengi ya kuyasaidia: mkono, jicho, kitu kinachoonekana mezani. Ukisema "nipe hicho" umeeleweka. Kitabu hakina mkono wa kuonyeshea, kwa hiyo lazima kitafute neno lenyewe.

Bibi naye je?

Wapo wanaosema: sisi bibi zetu walitusimulia, vitabu hatukuviona, na tumesoma. Ni kweli, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kitabu kimekuja kumfukuza bibi. Paukwa, pakawa, na mtoto anayeijua ataketi wima popote alipo. Hadithi ya kusimuliwa inajaza tanki lilelile. Inafundisha kusubiri, inafundisha kwamba jambo lina mwanzo na mwisho wake, inafundisha kusikiliza gizani bila picha.

Tofauti ni kwamba hadithi ya bibi haitulii. Leo sungura anashinda. Kesho bibi amechoka, sungura anakamatwa mapema ili watu walale. Ndiyo uzuri wake. Kitabu kinarudia maneno yaleyale, na mtoto mdogo ndicho anachotaka: kilekile, tena, tena, mpaka mzazi atamani kukificha. Marudio hayo ndiyo yanayoyakalisha maneno. Kitindamimba wa mdogo wangu ana miaka 3, hajui herufi hata moja, lakini baba yake akiruka ukurasa ili amalize mapema anamkamata pale pale. Maana yake kurasa zote ziko kichwani. Na ameshaelewa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: kwamba sauti ya baba inatoka kwenye zile alama nyeusi, kwamba alama hazibadiliki, na kwamba zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Mama yetu alikuja kutoka Mvumi mwezi wa saba, ule upepo wa Dodoma ukiwa umepamba moto, akawa anakaa nao mkekani. Kitabu kilikuwa na fisi mwoga. Bibi akavumilia kurasa tatu. Ukurasa wa nne akakatiza: "Huyo aliyeandika hajawahi kumwona fisi." Akawaeleza fisi halisi anavyozunguka zizi, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kigogo alipopamba moto mwenyewe. Kitabu hakikumalizika usiku ule. Watoto walipata hadithi mbili na lugha mbili, na wa kati akauliza swali ambalo hakuna mtihani ungelitoa: "Sasa mwenye kitabu alikuwa anadanganya, au fisi wake ni mwingine?"

Kwa hiyo yule anayeuliza kama ni sawa kusoma kwa Kiswahili na kufafanua kwa Kigogo, au Kirangi, au Kinyaturu, ajibiwe kwamba ni sawa sana. Mtoto anayeijua maana kwa lugha ya nyumbani anatafuta jina la pili tu.

Na hili la "mambo ya Wazungu" tulimalize hapohapo. Nyumba nyingi za Kianglikana za mkoa huu zimekuwa na ibada ya jioni tangu enzi za babu zetu: taa ya chemli, Biblia, mmoja anasoma, wote wanasikiliza. Maulidi husomwa kwa sauti, na kwa mahadhi. Tenzi zilitungwa zisikilizwe. Barua iliyofika kijijini ilisomwa na mtoto mmoja aliyejua kusoma, ua zima likikaa kimya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilienda kwa vikundi vilivyoketi kusikiliza redio huku vikiwa na kijitabu cha kusomwa pamoja. Mpaka leo asubuhi redio zinatusomea magazeti na hakuna anayeuliza tunaumwa nini. Kipya ni kimoja tu: kitabu ni cha mtoto, na mtoto haitiwi pale aonywe.

Yanayosemwa sana

"Ukimsomea atakuwa mvivu, atataka kusomewa maisha yake yote." Hatukuacha kuwabeba watoto mgongoni kwa kuogopa kwamba hawatatembea.

"Ngoja kwanza ajue herufi." Tanki halisubiri koki. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba wazazi washauriwe kuwasomea watoto tangu wakiwa wachanga. Mchanga haelewi hadithi, bila shaka. Anazoea sauti, mapaja, na kwamba kitu hiki chenye kurasa kinaleta raha.

"Sauti yangu mbaya, mimi si mtangazaji." Mtoto hana redio nyingine anayoipenda kuliko wewe. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, badilisha sauti kidogo kwa simba na kidogo kwa kuku, basi.

"Mimi mwenyewe sikusoma." Hapa nitatulia kidogo, kwa sababu ni aibu inayonyamazisha wengi. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kukaa na kitabu chenye picha na kuisimulia picha. Anaweza kumpa mtoto mkubwa asome, naye awe mwenye kuuliza "halafu?" Swali la "halafu" lina uzito kuliko ufasaha. Kitu ambacho hawezi kufanya ni kuondoka chumbani.

"Nimempakulia katuni kwenye simu, si zinaongea?" Zinaongea, na baadhi ni nzuri. Ila katuni haisimami mtoto akiuliza kwa nini, wala haimtazami usoni kuona kama amepotea njia. Wewe unasimama.

"Nasoma cha Kiingereza, ndicho kitakachomsaidia." Hili limeshika hasa nyumba zenye watoto wa Ingilishi midiamu, na nimeona mzazi akimsomea mtoto kitabu cha Kiingereza ambacho wote wawili hawakielewi, uso wa kila mmoja umekaza kama wako benki. Kama Kiingereza unakimudu na unakifurahia, soma. Kama hukimudu, unamwagia maji nje ya tanki. Mtoto anayejua kwa Kiswahili kwamba mhusika anaweza kusema hivi na kuwaza vile, kwamba hadithi inaweza kuanzia katikati, kwamba neno lina maana ya juu na ya chini, atayahamisha yote hayo akifika kwenye Kiingereza. Hahamishi mtu asichonacho.

Kuna kosa moja lililotokea Ilazo kwenyewe, nalo ndilo baya kuliko yote niliyotaja. Miezi ya mwanzo mdogo wangu, ambaye ni mtu wa mpango, alikuwa akifunga kitabu na kuanza: nani alikuwa mhusika mkuu, hadithi inatufundisha nini, taja mafunzo matatu. Sisi sote tumekulia kwenye "jibu maswali yafuatayo", na hatujui kitabu kinaishaje bila hayo. Siku moja alipokuwa akitandika akakikuta kitabu chini ya godoro la yule wa kati, wa miaka 6. Alikificha kisisomwe. Si kwamba hakukipenda kitabu. Hakuyataka maswali ya mwisho.

Sasa wana utaratibu mwingine. Anayeuliza ni mtoto. Mkubwa akitaka kusema kitu anasema kama mtu anayejiongelea: "Mimi huyu kuku simwamini." Kisha ananyamaza. Kimya hicho kina kazi. Watoto hawakiwezi, lazima waseme neno.

Inavyokwenda nyumba yenye shule ndani

Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 mpaka zilipofunguliwa tena Juni 29, kila nyumba Tanzania ilionja kufundishia watoto nyumbani, na wengi tuliapa hatutarudia. Wachache walionogewa waligundua mapema tatizo la hesabu: watoto watatu wa miaka 9, 6 na 3 ni madarasa matatu, mwalimu mmoja, na huyo mwalimu ana maharage jikoni.

Kusoma pamoja ndiko kunakoliokoa hili. Ni somo pekee ambalo watatu wanalikalia kwa wakati mmoja bila mmoja kumsubiri mwingine. Saa moja na nusu usiku, baada ya chakula, mkeka mmoja. Wanaanza na kitabu cha mdogo, dakika tano, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuchoka na ndiye mwenye kelele. Wakubwa wanajidai kimewapita umri lakini wanakijua kwa moyo na kiitikio wanaitikia. Kisha kinafuata kirefu, sura moja au nusu sura. Mdogo anabaki akichezea vidole vya miguu ya baba yake; unaweza kuapa hasikii, mpaka kesho umsikie anamwambia mwanasesere "ijapokuwa". Wote kwa pamoja ni dakika 20. Siku nyingine ni 10. Siku nyingine hakuna kabisa, watu wamechoka.

Neno gumu halifunguliwi kamusi hapohapo. Linaigizwa, au linabadilishwa kwa neno jingine huku usomaji ukiendelea: "akanyata, yaani akaenda hivi." Kamusi ina wakati wake mchana, na yule wa miaka 9 ameigeuza mchezo. Mahali hadithi inapokuwa tamu, hapo ndipo kitabu kinapofungwa. Ni ukatili mdogo, ila kesho jioni hakuna anayeitwa mara mbili.

Nipite haraka kwenye sheria, kwa sababu naulizwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyefikisha miaka 7 ameandikishwa shule ya msingi na anahudhuria. Anayewaza kumfundishia mwanawe nyumbani aanzie kwa ofisa elimu wa halmashauri yake, asianzie kwenye kundi la simu. Kusoma pamoja jioni hakuhitaji kibali cha mtu, na mtoto wa shule ya kata anahitaji kusoma huko sawasawa na huyu wa Ilazo. Pengine zaidi.

Vitabu navyo. Ni kweli ni vichache na ni kweli vina bei, lakini nyumba nyingi zinazosema hazina vitabu hazijatafuta vya bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure, na vile vya madarasa ya chini vina hadithi fupi zinazofaa kabisa kusomewa. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha, za Kiswahili zikiwemo, ambazo unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa kazi hiyohiyo ya kuhakikisha vinaandikwa na vinachapwa vya Kiswahili. Ukiona nembo yake kwenye kitabu chakavu mtaani, chukua. Kuna na maktaba za umma, ambazo tumezigeuza mahali pa wanafunzi wa kidato cha nne kukimbilia utulivu, tukasahau kwamba huazimisha. Vitabu vitano vikirudiwa mwaka mzima vinatosha kwa mtoto wa chini ya miaka 6. Narudia kwa sababu hakuna anayeniamini: vitano.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni lini mtu aache. Mtoto ameshajua kusoma, anasoma mwenyewe mpaka maandishi ya mifuko ya saruji, bado tu asomewe? Bado. Kwa miaka mingi ya shule ya msingi masikio yanatangulia macho: mtoto anaelewa kwa kusikia hadithi ambayo kuisoma mwenyewe kungemchosha ukurasa wa pili. Ukiacha siku aliyojua silabi, unamrudisha kwenye vitabu vya "Juma ana mpira" wakati kichwa chake kimeshafika mbali. Endelea mpaka akuambie yeye.

Wa miaka 9 wa mdogo wangu alimwambia mwaka huu. Alisema amekua, hataki tena kusomewa, anataka kusoma yeye, na wengine wasikilize. Wa kati akapinga kwamba na yeye anajua. Wakagombana siku tatu, mpaka umeme ulipokatika na ikabidi wasome kwa tochi ya simu, ndipo baba yao akatoa uamuzi ambao sasa ndiyo sheria ya nyumba: msomaji ni mmoja kwa usiku mmoja, na msomaji hashiki tochi.